MWENDA PEKEE HAYUKO PEKEE: Safari ya Miguu Kando ya Bahari ya Mediterania

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na sijaona aliyewahi kuipinga. Lakini wako watu ambao hufunga shanta mgongoni, wakawaaga jamaa zao, wakaenda kutembea kwa miguu peke yao juma zima, wengine mwezi mzima, milimani na kando ya bahari. Hawafukuzwi na mtu. Hawaendi sokoni wala hawatafuti ng'ombe aliyepotea. Wanatembea tu!

Je, wahenga walikosea? Au watu hawa wana kichaa? Ndugu msomaji, hebu tufuatane katika njia moja mashuhuri ya pwani ya Mediterania, tuone jinsi safari ya mtu mmoja inavyopangwa na inavyotembewa. Nia yangu ni kueleza jambo moja tu, kwamba mwenda pekee anayerudi nyumbani salama hakuwa peke yake hata siku moja. Yule anayejidai kuwa hamhitaji mtu, huyo ndiye hutafutwa milimani usiku kwa tochi.

NJIA YENYEWE

Kusini-magharibi mwa Uturuki, baina ya mji wa Fethiye na mji wa Antalya, nchi imechomoza baharini mfano wa nundu ya ng'ombe. Zamani sehemu hiyo iliitwa Likia. Wanaosoma Biblia wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: katika kitabu cha Matendo, Mtume Paulo alipanda merikebu pale Patara, na baadaye, akiwa mfungwa anayepelekwa Roma, alibadilishiwa merikebu pale Mira. Miji yote miwili ni ya Likia, na magofu yake yapo hadi leo.

Watu wa kale wa Likia walichonga makaburi yao katika majabali yaliyosimama wima, na walikuwa na vijia vya mawe vilivyounganisha mji na mji. Warumi walipokuja wakavitumia. Wafugaji wa mbuzi nao wakavitumia, wakihama na mifugo kutoka pwani hadi milimani wakati wa joto. Kisha zikaja barabara za lami na magari, na vijia vikaanza kumezwa na vichaka.

Mwingereza mmoja aishiye Uturuki, bibi Kate Clow, alivitafuta vijia hivyo, akaviunganisha, naye pamoja na watu wa kujitolea wakavipaka alama. Mwaka wa 1999 njia ikafunguliwa rasmi kwa jina la Njia ya Likia, au Likya Yolu kwa Kituruki. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 500. Anayetaka kuimaliza yote ajitengee mwezi mmoja hivi. Wengi hutembea vipande vya siku tatu, nne au juma moja. Wakati mzuri ni majira ya kuchipua na majira ya kupukutika majani, yaani Machi hadi Mei, na mwisho wa Septemba hadi Novemba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, na jua la huko halina huruma.

JICHO LA MWENZIO LIKO KATIKA RANGI

Msafiri wetu anaanzia juu ya Ölüdeniz, ufukwe wenye maji ya buluu ambayo hata mchoraji angeogopa kuyapaka. Njia inapanda ubavuni mwa mlima Babadağ, ambao kilele chake kinakaribia mita 2,000. Kulia bahari iko chini kabisa, kushoto mwamba, na katikati kijia chembamba. Baada ya kijiji cha Faralya anachungulia bonde la Kelebekler, maana yake Bonde la Vipepeo, ambalo kuta zake ni za mita 300 na ushei. Kipo kijia cha kushukia, lakini mahali pengine mtu hushika kamba. Mwenda pekee mwenye akili hutazama kutoka juu, akaendelea na safari yake. Akitaka kufika chini, mashua huenda huko kutoka Ölüdeniz.

Sasa, atajuaje njia? Kwenye mawe na mashina ya miti kuna mistari miwili midogo, mmoja mweupe na mwingine mwekundu. Ukiiona, uko njiani. Mistari ikipinda, nawe pinda. Ukiona msalaba mwekundu, hapo si njia, rudi.

Watu wawili wakitembea, mmoja akiota mchana, mwingine huona alama. Anayetembea peke yake hana wa kumwambia, "Ewe, umepita!" Tena mbuzi wa huko wametengeneza vijia vyao vingi, vinavyofanana kabisa na njia ya watu mpaka vinapokufikisha ukingoni mwa genge. Kwa hiyo iko sheria ambayo mwenda pekee haivunji: ukitembea dakika kumi bila kuona alama, simama. Usijipe moyo eti "iko mbele kidogo." Rudi hadi ulipoona alama ya mwisho, kisha utazame upya. Dakika ishirini zitapotea, ndiyo. Lakini wengi wanaopotea milimani hawapotei kwa hatua moja. Hupotea kwa kuona haya kurudi.

Basi hapo ndipo tunapomkutana mwenzi wa kwanza wa msafiri wetu. Hamjui jina wala sura, lakini alipita pale na kopo la rangi na burashi, akainama, akapaka jiwe. Ramani iliyo katika simu ni nzuri, lakini simu huzima na mtandao hupotea bondeni. Jiwe halizimi.

HESABU YA MIGUU NA JUA

Wanaochukia hisabati watanisamehe. Mwaka wa 1892 Mskoti mmoja aitwaye William Naismith alitunga kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo. Hesabu saa moja kwa kila kilomita tano za mwendo, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda.

Tuseme leo msafiri wetu ana kilomita 15 na kupanda mita 900. Kilomita 15 ni saa tatu. Mita 900 ni saa moja na nusu. Jumla saa nne na nusu. Lakini Naismith hakuhesabu shanta nzito, mawe yanayoteleza, chakula cha mchana wala kusimama kupumua. Ongeza nusu yake, na jumla inakaribia saa saba. Akiondoka saa mbili asubuhi atafika saa tisa alasiri. Vizuri. Akiondoka saa tano kwa sababu alilala fofofo, huenda akaingia kijijini gizani.

Na giza la huko si kama letu. Sisi tulio kwenye ikweta jua letu huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima, hata kuku wanajua. Uturuki iko mbali kaskazini. Tangu mwaka wa 2016 saa zao zimekuwa sawa na za Nairobi mwaka mzima, lakini jua lao halifuati letu. Mwezi wa Juni saa mbili usiku bado kuna mwanga. Desemba jua limezama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na bondeni kivuli hutangulia. Mkenya anayekwenda huko asipojua hilo atashangaa giza linatoka wapi.

MANENO TULIYOKOPA PAMOJA

Baada ya siku kadhaa msafiri anafika Patara. Mbele yake umenyooka ufukwe wa mchanga wa zaidi ya kilomita kumi. Kasa huja kutaga hapo, kama wanavyokuja kwetu Watamu, na katika msimu wa mayai watu hawaruhusiwi kukaa ufukweni usiku. Nyuma ya mchanga kuna magofu ya mji, pamoja na ukumbi wa mawe walimokutania wajumbe wa muungano wa miji ya Likia. Mwanajiografia wa kale Strabo aliandika kwamba muungano huo ulikuwa na miji 23, na kwamba miji mikubwa ilikuwa na kura tatu, ya wastani mbili, na midogo moja.

Hapa tuseme habari za watu walio hai. Vijijini kuna nyumba ndogo za wageni, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye mpishi na ndiye mshauri wa njia. Atamwambia msafiri kisima kipi kimekauka na daraja lipi limechukuliwa na mvua, mambo ambayo ramani haina. Lakini atayasikiaje?

Wanachama wa Chama cha Kiswahili, tegeni masikio. Mturuki husema "dakika" nasi twasema dakika. Husema "çay", nayo hutamkwa chai, tena huletwa katika gilasi ndogo isiyo na mkono. Saat ni saa, kitap ni kitabu, sabun ni sabuni, hava ni hewa, dünya ni dunia, na asker ni askari. Kumbe! Si kwamba Mturuki alikopa kwetu au sisi kwake. Maneno mengi kati ya hayo sote tulikopa kwa Mwarabu, kila mmoja kwa mlango wake, na chai asili yake ni Uchina. Mswahili akifika huko na shanta yake ataelewa neno moja moja hata kabla ya kufungua kamusi. Ajifunze tu maneno mawili ambayo hatukukopa pamoja: su, yaani maji, na yol, yaani njia. Kuuliza si ujinga.

Na hapa ndipo ilipo faida kubwa ya kutembea peke yako. Kundi la watu kumi likipita kijijini huzungumza lenyewe kwa lenyewe, likacheka, likaenda zake. Mtu mmoja akipita, bibi kizee aliyeketi mlangoni humwita. Humwuliza atokako na aendako, akamtilia chai. Msafiri akiondoka, kijiji kizima kinajua kwamba leo kuna mgeni aliyeelekea upande fulani. Hata kama hakulijua hilo, tayari ana walinzi.

MBWA WA WACHUNGAJI

Wacha nitaje jambo ambalo wengi huliogopa kuliko kupotea. Wafugaji wa mbuzi wana mbwa wakubwa wa kulinda mifugo dhidi ya mbwa mwitu. Mbwa hao wengine huvaa kola za chuma zenye miiba. Ukiwaona wanakuja, miguu itakuambia ikimbie. Usiikubalie! Mbwa wa kulinda humfukuza kila anayekimbia. Simama, usimkazie macho, sema naye kwa sauti ya pole, zunguka mbali na mbuzi wake, na umwite mchungaji. Mbwa yule hana ugomvi nawe. Ana kazi yake. Ukimwonyesha kwamba hutaki mbuzi, atakusindikiza akibweka mpaka mpakani, kisha arudi kwa bwana wake.

MPINGO CHINI YA BAHARI

Karibu na mji wa Kaş kuna rasi iitwayo Uluburun. Mwaka wa 1982 mzamiaji wa sponji alikuta chini ya maji vipande vya ajabu vya shaba. Wataalamu wakachimba huko chini tangu 1984 hadi 1994, wakapata merikebu iliyozama miaka 3,300 hivi iliyopita. Ilibeba tani kumi za shaba, tani moja ya bati, vioo, pembe za ndovu, meno ya viboko na magogo meusi. Magogo hayo yalipochunguzwa yalionekana ni ya mpingo, ndiyo, mpingo huu huu wetu wa kuchongea vinyago, uliokuwa umepitia Misri kutoka Afrika ya kusini zaidi.

Mbele zaidi, kwenye rasi ya Gelidonya, merikebu nyingine ya kale ilichimbuliwa mwaka wa 1960 na kundi la George Bass. Hizo zilikuwa merikebu zenye manahodha na mabaharia waliojua kazi, na bado rasi zile ziliwameza. Ninayataja haya ili tusidanganywe na uzuri wa picha. Pwani hii inapendeza, na pwani hii imeua.

MAJI NI UHAI, NA UHAI UNA UZITO

Rasi ya Gelidonya ndiyo mtihani mkubwa wa mwenda pekee. Kutoka kijiji kidogo cha Karaöz njia hupanda hadi mnara wa taa uliosimama zaidi ya mita 200 juu ya bahari, kisha huendelea juu ya magenge hadi Adrasan. Ni mwendo wa siku nzima, na wengine huugawa kwa siku mbili. Mandhari yake husemwa kuwa miongoni mwa mazuri kabisa katika njia nzima. Lakini baina ya Karaöz na Adrasan hakuna maji ya kutegemea.

Kwa nini pwani hiyo ni kavu hivyo? Milima ya Likia kwa sehemu kubwa ni ya mawe ya chokaa. Mvua hunyesha sana wakati wa baridi, lakini maji hupenya katika nyufa za mawe, yakashuka chini kwa chini. Kiangazi kikija, juu hubaki vumbi. Watu wa kale walilijua hilo. Karibu na Patara Warumi walijenga ukuta wenye bomba la mawe: mawe makubwa yaliyotobolewa katikati na kuungwa moja kwa jingine ili maji yavuke bonde kwa nguvu ya msukumo wake. Wanavijiji nao walijenga mabirika ya kukusanya mvua, na mpaka leo msafiri hukuta birika njiani, pengine na ndoo na kamba. Maji yake ayachemshe au ayatie dawa kabla ya kunywa, maana mbuzi nao ni wateja.

Turudi Gelidonya. Mtu anayetembea na mzigo juani huhitaji si chini ya nusu lita kwa saa. Saa nane ni lita nne. Akilala kule mnarani, aongeze lita mbili za kupikia na za asubuhi. Jumla lita sita. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo sita, sawa na pakiti tatu za unga za kilo mbili, juu ya hema, chakula na nguo. Ni mzito mno, nakubali. Ndiyo maana wengine hupunguza lita mbili "ili miguu iwe myepesi." Mtu wa pili angekuwako, mngegawana chupa ya mwisho. Mmoja hana wa kugawana naye. Maji ya mwenda pekee hubebwa yote, au safari huahirishwa.

KARATASI MOJA ILIYOACHWA MEZANI

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme msafiri wetu ameteleza kule juu, kifundo cha mguu kimevimba, hawezi kukanyaga. Simu haina mtandao. Wakiwa wawili, mmoja angekwenda kuita watu. Yeye atafanya nini?

Jibu ni kwamba kile cha kumwokoa alipaswa kukifanya jana. Kabla ya kuondoka Karaöz alimwachia mwenye nyumba ya wageni karatasi yenye mambo manne: jina lake na simu ya nyumbani, njia atakayopita, mahali atakapolala, na saa ya mwisho. Saa ya mwisho maana yake ni hii: "Nisipopiga simu kutoka Adrasan kufikia saa mbili usiku kesho, piga 112." Hiyo ndiyo nambari ya dharura ya Uturuki. Bila saa ya mwisho, karatasi haina kazi, kwa maana kila mtu atasema, "Labda amechelewa tu, atakuja."

Akiwa ameumia, hatambaitambai kutafuta njia ya mkato. Hukaa karibu na njia, huvaa nguo zote alizo nazo, na hupiga filimbi: mara sita katika dakika moja, kisha hunyamaza dakika moja, kisha hurudia. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada ijulikanayo milimani, na anayejibu hupiga mara tatu. Filimbi haichoki kama sauti.

Angalieni, basi. Mtu aliyeachiwa ile karatasi yuko mbali, pengine anaosha vyombo. Lakini yeye ndiye mkono wa pili wa msafiri, na kidole cha pili cha ile methali.

MOTO USIOZIMIKA, NA MOTO WA KUOGOPWA

Kutoka Adrasan njia huvuka msitu hadi magofu ya Olympos na kijiji cha Çıralı. Juu ya kijiji, mahali paitwapo Yanartaş, ndimi za moto hutoka katika mawe usiku na mchana. Ni gesi, hasa methani, inayovuja kutoka ardhini na kuwaka. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba huku ndiko lilikokaa zimwi Chimaera, simba mbele, mbuzi katikati, nyoka nyuma, akitema moto.

Moto huo hauna hatari sana. Unaoogopwa ni ule anaouwasha mtu. Misitu ya pwani hiyo ni ya misonobari yenye utomvu, na kiangazi huwaka kama njiti ya kiberiti. Mwaka wa 2021 mioto mikubwa iliteketeza misitu kusini mwa Uturuki. Kwa hiyo msafiri hawashi moto wa kuni ili kujiliwaza na upweke. Hapa mambo yanageuka: mpaka sasa tulikuwa tukisema jinsi watu wanavyomlinda. Naye ana zamu yake ya kuwalinda, kwa sababu kosa la mtu mmoja mwenye kiberiti hulipwa na vijiji vizima.

Kutoka hapo njia hupanda kuelekea mlima Tahtalı, wenye mita 2,300 na ushei, ambao huweza kuwa na theluji hata pwani ikiwa na jua, kisha huelekea upande wa Antalya. Safari inakwisha.

KWA HIVYO, WAHENGA WALIKOSEA?

La hasha! Hebu tuhesabu vidole. Aliyepaka rangi jiweni ni kimoja. Aliyejenga birika ni cha pili. Bibi wa chai aliyejua mgeni ameelekea wapi ni cha tatu. Mchungaji aliyewaita mbwa wake ni cha nne. Mwenye nyumba aliyeshika karatasi ni cha tano. Msafiri huyu anayeitwa "peke yake" alitembea na mkono mzima.

Wenzangu, wengi wetu tutamaliza shule na kwenda mbali, na si lazima iwe Uturuki. Huenda ni kupanda kilima cha nyumbani wakati wa likizo. Anayeondoka bila kumwambia mama aendako na saa ya kurudi, akidhani huo ndio uanaume au ndio uhuru, hajawa msafiri. Amekuwa kitu kilichopotea ambacho bado hakijatafutwa. Beba maji yote. Rudi kwenye alama ya mwisho. Acha karatasi. Kisha nenda, ukatembee kwa mwendo wako, na macho yako yafaidi bahari.

Kwa hayo naweka kalamu chini. Safari njema.